Fundi wa Ngazi ya Mia Tatu

Joho moja lilitaka abonyeze mausi mara kumi na saba. Mara nne kuokota katani, mara tatu kusokota uzi, mara mbili kutia rangi, mara saba kushona, na mara moja ya mwisho kulitundika sokoni. Tangu asubuhi alikuwa amekwisha kushona majoho sitini na moja, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba mpaka kitambaa alichokifunga kikazama kwenye nyama. Hakuthubutu kukilegeza. Akikilegeza, maumivu yanashuka vidoleni, na vidole vikisita joho linaharibika.

"Mama Sindano, pumua kidogo," alinong'ona msichana wa kompyuta ya jirani, ambaye kazi yake ndani ya gemu ilikuwa kufua mapanga. "Joho halikimbii."

"Halikimbii, lakini Kiwango anakuja."

Kiwango alikuwa msimamizi wao. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na wachache. Hili walimpa wao, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Alipita nyuma ya viti na viatu vyake vya mpira visivyotoa sauti, akainama juu ya bega la kila mtu, akaangalia idadi kwenye pembe ya kioo, akasonga mbele. Ukiona hakusema kitu, ujue uko salama mpaka mzunguko unaofuata.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi ili jua lisipige kwenye vioo vya kompyuta, kwa hiyo mchana na asubuhi vilifanana. Kulikuwa na kompyuta ishirini na mbili na feni mbili, moja ya watu na moja ya mashine. Feni ya mashine ikiharibika, fundi umeme aliitwa saa hiyo hiyo. Feni ya watu ilikuwa imelala tangu mwezi uliopita, shingo imepinda, ikitazama ukuta.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nje, hacheki kwanza. Anakutazama aone kama unamtania. Kulikuwa na gemu ya kwenye intaneti, ulimwengu mzima wenye milima, miji na masoko, ambamo mamilioni ya watu wa nchi mbalimbali walikutana, kila mmoja akiendesha mtu wake wa kwenye kioo. Mtu huyo aliweza kupigana, na aliweza pia kujifunza ufundi: kufua chuma, kuchanganya dawa, kushona. Kila alichokitengeneza kiliuzwa kwa sarafu za humo humo ndani. Wachezaji wa ng'ambo walizipenda sarafu hizo ila hawakupenda kuzitolea jasho, basi walizinunua kwa fedha zao za kweli kutoka kwa kampuni ya Kiwango. Jasho lilitoka kwenye viti ishirini na viwili.

Yeye alikuwa ameshona makola ya mashati kwa miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja, hadi siku mashine zilipotolewa mlangoni moja moja kama maiti, zikapakiwa kwenye lori. Alipokuja kuomba kazi hapa, Kiwango alicheka.

"Mama, hapa ni pa vijana. Wewe ukishika mausi si utaita paka?"

"Nionyeshe pa kubonyeza," alijibu, "kisha cheka."

Alichagua ushonaji. Wengine waliwaumba watu wao wenye mabawa na misuli. Yeye wa kwake alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kilemba, wa kuweza kusimama mbele ya meza ya kukatia siku nzima bila kulalamika. Katika miezi mitatu alikuwa amewapita wavulana waliokulia kwenye gemu. Wao walishona chochote kilichotajwa na kiwango. Yeye alizunguka sokoni kwanza, akatazama watu wamevaa nini, akagundua kwamba waliotembea kwa makundi walitaka kufanana na hawakupata rangi zinazolingana, kwa sababu kila fundi alitia rangi kivyake. Akaanza kushona kwa seti, majoho kumi kumi, rangi moja toka ya kwanza hadi ya mwisho. Majoho yake yalikwisha kabla ya kutundikwa.

Kadiri fundi alivyoshona, ndivyo alivyopanda ngazi, na ngazi ya mwisho ya ushonaji ilikuwa ya mia tatu. Siku hiyo yeye alikuwa kwenye mia mbili tisini na saba. Ngazi tatu. Kiwango alikuwa ameahidi mbele ya chumba kizima, mkono kifuani: yeyote atakayefikisha mtu wake ngazi ya mia tatu atapewa barua ya ajira, yenye mhuri.

Wengine waliitaka barua hiyo kwa heshima. Yeye aliitaka kwa ajili ya nyonga.

*

Nyonga ilikuwa ya mumewe. Alikuwa mwashi, mtu wa kuimba akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, hadi jukwaa lilipokatika naye. Mwenye jengo alisema hamjui. Sasa alilala ubavu wa kushoto kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango, apate kuona watu wakipita, na kila asubuhi mkewe alimwosha, akamgeuza, akamwekea chupa ya maji mahali mkono unapofika, kisha ndipo akaenda kazini.

Hospitali walikuwa wameipiga picha nyonga hiyo. Daktari alisema inapasuliwa, inawekwa chuma, mtu anatembea. Lakini karani wa mapokezi alitaka kadi ya bima. Ofisi ya bima ikataka barua ya mwajiri. Na mwajiri alitaka ngazi ya mia tatu.

"Zimebaki ngapi?" mumewe aliuliza jioni ile, kama alivyouliza kila jioni.

"Tatu."

"Jana zilikuwa tatu."

"Huko juu zinapanda polepole. Ngazi moja inakula majoho mia mbili."

Dada wa mume, aliyekuwa amekuja kumpa kaka yake kampani, aliguna kwenye kiti chake. "Wifi, nami niambie kweli. Watu wananiuliza, wifi yako anafanya kazi gani, nashindwa. Nasema anacheza gemu? Mtu mzima, mume kitandani?"

"Sema anashona."

"Anashona nini? Nguo ziko wapi? Hata kitambaa cha kufutia pua hujaniletea."

"Muache," mume alisema kutoka kitandani. "Mimi nimejenga nyumba za watu miaka ishirini. Kuna hata moja uliyolala?"

Uso wa wifi ulibaki umekunjwa.

*

Jumatano ya wiki iliyofuata, mchezaji mmoja mwenye kofia ya manyoya alimwendea mtu wake pale sokoni na kusimama. Gemu ilitafsiri maneno ya wageni yenyewe, kwa Kiswahili cha kuchechemea. Maneno yalitokea juu ya kofia:

"Wewe ndiye fundi wa kufanana? Rafiki yetu amekufa. Kweli kufa, si ndani gemu. Sisi hatuwezi kwenda mazishi, nchi mbali mbali. Tunataka kumzika hapa. Unaweza majoho arobaini?"

Kuzungumza na wateja kulikatazwa. Aligeuza shingo. Kiwango alikuwa upande wa pili wa chumba.

"Naweza," aliandika. "Poleni sana. Alipenda rangi gani?"

Kofia ya manyoya iliinamishwa. Kisha: "Hakuna mtu ameuliza hivyo. Kijani. Kijani kama maji ya mto ambapo miti."

Duka la rangi la humo gemuni lilikuwa na kijani kimoja tu, kikali, cha majani ya plastiki. Alikichanganya na kijivu, akakitupa. Akakichanganya na buluu na majivu, akakitupa. Mara ya tatu ikatoka rangi ambayo aliikumbuka kutoka mahali fulani, ingawa hakujua ni wapi. Alishona majoho arobaini siku mbili, na kila moja alilikagua kabla ya kulikunja, jambo la kipuuzi, kwani gemu haikuwa na mshono unaoweza kwenda upande.

Walimwalika mazikoni. Walikusanyika kando ya ziwa, watu arobaini waliovaa sawasawa, wengine na pembe, wengine na mabawa, wote vichwa chini. Alimsimamisha mtu wake nyuma yao. Akaondoa mkono kwenye mausi.

"Mbona mtu wako amesimama?" Sauti ya Kiwango ilitokea sikioni.

"Niko msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mteja."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Hata Kiwango alitabasamu, lakini alinyoosha kidole kwenye pembe ya kioo, akagonga mara mbili. Akarudi kushona.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, joho lake lilipokamilika na juu ya kilemba cha mtu wake pakalipuka nyota za dhahabu. Kengele zikalia kwenye spika. Mia tatu. Msichana wa mapanga alimrukia shingoni. Vijana walipiga makofi, mmoja akapanda juu ya kiti na kutangaza kwamba Mama Sindano sasa ni waziri wa nguo duniani. Yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipotaka kuyafuta akakuta mkono haupandi.

"Hongera," Kiwango alisema. "Umetutoa kimasomaso. Jumatatu tutaongea."

Jumamosi na Jumapili mumewe hakuuliza zimebaki ngapi. Aliuliza chuma hicho kitakuwa cha urefu gani, na kama mtu akiwa nacho anaweza kupanda ngazi za jengo.

*

Jumatatu aliandika neno lake la siri, kompyuta ikalikataa. Akaliandika tena, polepole, herufi moja moja. Ikalikataa. Mara ya tatu kijana wa mitambo alikuja bila kuitwa, bila kumtazama usoni, akabonyeza hapa na pale, na kwenye kioo akatokea mtu mpya: peku, amevaa gunia, kikapu kitupu mkononi. Chini yake iliandikwa: Mshonaji, ngazi ya kwanza.

Alikwenda hadi kwenye chumba cha Kiwango bila kubisha.

"Kaa, Mama Sindano. Mbona unasimama kama askari?"

"Mtu wangu hafunguki."

"Mtu wako amepata bahati. Amenunuliwa."

"Na nani?"

"Mteja, huko ng'ambo. Washonaji wa mia tatu hawafiki watano ulimwengu mzima ule. Na huyu ana jina. Watu wanamwita fundi wa kufanana. Tulikuwa na foleni ya wanunuzi toka Ijumaa usiku."

"Nimemlea miezi kumi na moja."

"Na umemlea vizuri. Ndiyo maana amenunuliwa."

Alishika ukingo wa meza. "Na barua?"

"Barua gani?"

"Usinifanye mtoto. Uliahidi mbele ya watu. Ngazi ya mia tatu, barua ya ajira."

"Niliahidi, sikatai. Mimi si mtu wa kula matapishi yangu." Kiwango aliegemea nyuma, akawa mpole kabisa, kama mtu anayemweleza bibi yake habari za simu. "Barua ni ya mwenye mtu wa ngazi ya mia tatu. Sasa twende pamoja tufungue kompyuta yako, tuangalie. Mtu wako yuko ngazi ya ngapi?"

Aliachia ukingo wa meza.

"Ya ngapi, mama?"

"Ya kwanza."

"Basi. Tusigombane. Na wewe una mkono mzuri, miezi kumi na moja si kitu. Mara hii utatumia minane. Kazi na kiwango, au siyo?"

Alipotoka, alisimama katikati ya chumba. Vichwa ishirini na moja vilikuwa vimeinamia vioo.

"Ninakwenda ofisi ya kazi," alisema. "Nani anakuja nami?"

Vidole viliendelea kubonyeza. Alimtazama msichana wa mapanga.

"Mama, mimi niko mia mbili themanini na nne," alisema kwa sauti ndogo. "Niache kwanza nifike."

*

Afisa kazi hakuwa mtu mbaya. Hilo alilikumbuka baadaye na likamuudhi zaidi. Alikuwa kijana mwenye miwani safi, alimvutia kiti, akamwita mama yangu, akasikiliza toka mwanzo hadi mwisho bila kugusa simu. Nyuma ya kichwa chake ukutani palining'inia kalenda mpya kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na chini ya picha ya duka maandishi madogo yalisema: Ukumbi wa Michezo ya Kompyuta, ghorofa ya kwanza. Karibuni.

"Mama yangu, sehemu ile tuliikagua," afisa alisema, akifungua faili. "Mimi mwenyewe nilikwenda. Ina leseni ya ukumbi wa michezo. Haina wafanyakazi zaidi ya msimamizi, kijana wa mitambo na mfagiaji."

"Na sisi ishirini na wawili ni nini?"

"Kila asubuhi unatia saini daftari?"

"Ndiyo. La mahudhurio."

Afisa alitoa nakala, akaigeuza imwelekee. Jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Sahihi ilikuwa yake. Pale kazini kibanio kikubwa cha chuma kilishika karatasi kwa juu. Hakuwahi kuona kilichokuwa chini ya kibanio. Hapa kibanio hakikuwepo. Maandishi yalisema: ORODHA YA WATEJA.

"Wananilipa!" alisema. "Mteja gani analipwa?"

"Kwa mkataba?"

"Kwa simu. Kila mwisho wa mwezi." Alikuwa amekwisha kuitoa, anautafuta ujumbe kwa kidole. Aliusoma kwa sauti kabla hajauelewa. "Hongera. Umepokea zawadi ya mchezaji."

Miezi kumi na moja alikuwa akitazama tarakimu tu.

Afisa alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Unatengeneza nini pale, mama?"

"Majoho."

"Naomba nione moja."

"Yamo ndani ya gemu."

"Sawa. Na gemu ni ya nani?"

"Ya kampuni ya huko nje."

"Ambayo inakataza sarafu zake kuuzwa. Nimesoma masharti yao. Kwa hiyo nikiandika kwamba ni kazi, ninaandika kwamba wewe umefanya jambo lililokatazwa. Nikiandika ni mchezo, umecheza. Nisaidie mama yangu, niandike lipi?"

"Andika kwamba mume wangu amelala ubavu mmoja mwaka wa pili."

Afisa alishika kalamu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama ataandika. Kisha uso wake ukachangamka, kweli kabisa, kama wa mtu aliyepata njia ya kumsaidia mzee.

"Lakini mteja naye ana haki zake! Sheria ipo, na ni nzuri. Teremka chini, dirisha namba tisa, malalamiko ya wateja. Waambie nimekutuma mimi."

Chini kulikuwa na benchi refu na watu kumi na watano. Kila mmoja alikuwa amepakata kitu: birika la umeme lililopasuka, pasi iliyoungua, viatu vilivyoachama soli, redio, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Waliulizana: chako kimekufa lini? Wakajibizana, wakalaani maduka, wakacheka. Bibi mwenye birika alimgeukia.

"Na wewe mwanangu, umeuziwa nini?"

"Sijauziwa, bibi. Nimeuza."

Bibi alimpapasa goti kwa huruma, kama mtu aliyesikia vibaya, na akasogea kumpa nafasi.

Zamu yake ilipofika, karani wa dirisha namba tisa alikuwa amechoka na hakuinua macho. Alitaka jina, akaandika. Alitaka mahali aliponunulia. Akamtajia ukumbi, ghorofa ya kwanza, akaandika. Alitaka tarehe. Kisha akavuta kijikaratasi kigumu chenye kamba, akakipiga mhuri, akajaza namba ya malalamiko.

"Weka bidhaa hapa," alisema.

Hakuna kilichowekwa.

"Bidhaa, mama. Kama hakuna bidhaa siwezi kufunga namba, na bila namba hakuna malalamiko." Mkono wa karani ulikuwa umetokeza nje ya dirisha, kamba imefunguliwa kitanzi tayari, ikining'inia juu ya ubao mtupu. "Harakisha, watu wanangoja."